Pumzi Isiyofutwa

Kwikwi ya kwanza ilimshika Namkunda akipuliza moto jikoni, na mama yake akacheka.

"Kuna mtu anakutaja," Nanzia alimwambia. "Tena anakutaja kwa wema, maana imekuja moja tu."

Ikaja ya pili. Namkunda naye akacheka, akajishika ubavu pale bendeji ilipobana. Binti aliyekuwa amelala miezi kama gogo, akipumulishwa kwa mikono ya watu, leo alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akipuliza moto. Nani angeogopa kwikwi? Nanzia aliichukua kama mama anavyochukua kucheua kwa mtoto mchanga, kwamba kilichoingia kimekaa mahali pake.

Mvua za vuli zilipoanza kupiga mabati, hakuna aliyecheka tena nyumbani humo.

Kwikwi haikumwachia. Ilimshika akila, tonge likarudi. Ilimshika akisema, neno likakatika. Usingizini ilimruhusu azame kidogo, kisha ikamvuta juu kama ndoo ya kisimani. Mifupa ya mabega ilianza kuonekana. Gauni lililokuwa likimbana kabla ya ugonjwa sasa lilimning'inia kama limeanikwa juu ya kijiti.

Nanzia alijaribu yote aliyoyajua na yote aliyoambiwa. Alichomoa uzi wa kanga, akaulowesha mate na kuubandika kwenye paji la uso la binti yake, kama wafanyiwavyo watoto wachanga. Alimnywesha maji akiwa ameinama, kichwa chini. Alimlambisha sukari, akamkamulia limao, akadondosha sufuria nyuma yake ili ashtuke. Jirani mmoja alisema, "Mwambie abane pumzi," kisha akajiziba mdomo kwa aibu, maana alikuwa amesahau anamsema nani. Mwenye mvuta habani pumzi. Mvuta ndio unaoamua.

Milimani kote watu walikuwa wameuzoea mvuta kama wanavyozoea miwani ya mtu. Homa iliyouleta waliiita Sahau, kwa sababu haikuua kwa maumivu. Iliufanya ubongo usahau kuagiza pumzi. Mapafu yalikuwa mazima, na kiwambo kilicho chini yake kilikuwa tayari kama punda aliyekwisha kubebeshwa mzigo, ila hakuna wa kumwambia twende. Mvuta, kidude cha ukubwa wa kokwa la parachichi, ndio uliosema twende. Uliugusa mshipa wa fahamu kwa cheche ndogo, kiwambo kikashuka, hewa ikaingia.

Na haukusema twende kwa namna moja siku zote. Ulijifunza. Ulijua mwenyewe anapopanda na anapoteremka, anavyocheka, anavyokohoa, anapoinua mzigo. Baada ya mwaka mmoja mvuta na mwili vilikuwa kama mume na mke waliozeeka pamoja. Kimoja hakikuhitaji kuambiwa na kingine. Ndiyo maana sheria ilikuwa moja: mwenye mvuta akifa, muuguzi anautoa kabla ya maziko, unafutwa kwenye mashine ya kituoni mpaka usikumbuke kitu, ndipo anapewa anayefuata.

Mivuta haikuwahi kutosha. Aliyesubiri alitobolewa ubavu akawekewa waya mbili zenye kifuniko, na mpaka zamu yake ifike aliishi kwa mfuko wa mpira unaobanwa kwa mikono. Watu wa kijiji cha Mrumbeni waliuita mvukuto, kwa kuwakumbuka wahunzi wa zamani. Pembe ilipigwa, nyumba zikatoa watu. Zamani msaragambo ulikuwa wa kuchimba mfereji au kutengeneza barabara. Sasa ulikuwa pia wa kumpumulisha mtu, mchana na usiku, mikono kwa mikono.

Mwaka ule waliosubiri Mrumbeni walikuwa wawili. Eliwaza, mke wa Kajiru, alikuwa wa kwanza. Namkunda alikuwa wa pili.

Kisha Sifueli, mume wa Nanzia, mlinzi wa ndiva, akateleza kwenye ukingo wa bwawa hilo alikowafungulia watu maji asubuhi zote za maisha yake, akaangukia mawe ya chini. Yeye alikuwa na mvuta tangu Sahau ya kwanza. Nanzia alikuwa karibu, akikata majani ya ng'ombe, akawa wa kwanza kufika. Wanaume waliokuja baadaye walikimbia kutafuta miti ya machela, wakamwacha naye. Kichwa cha Sifueli kilikuwa kimepasuka na moyo umesimama, lakini kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka, polepole, kwa adabu. Mvuta haukuwa umeambiwa.

Nanzia alikuwa na mundu mkononi.

Waliporudi aliwaambia mvuta umepasuka kwenye mawe na vipande vimeanguka majini. Hakuna aliyemshuku mjane mwenye damu ya mumewe hadi viwikoni. Wengine walibeba maiti. Kajiru yeye alivua shati akaingia ndivani, akazama na kuibuka, akapapasa matope kwa vidole mpaka midomo ikabadilika rangi, akitafuta kile ambacho kingempumulisha mke wake. Nanzia alisimama ukingoni akimtazama, kile kidude kikiwa kimefungwa kwenye upindo wa kanga yake, bado cha moto.

Usiku, zamu yake ya mvukuto ilipofika, aliuunganisha mwenyewe na waya za ubavuni mwa binti. Binti yake alipozinduka aliambiwa kwamba mjomba wa Arusha alileta mtaalamu na mvuta. Kijiji nacho kiliambiwa hivyo hivyo. Watu walisema, bahati haina kwao.

*

"Mama, leo nimekaa bila kwikwi."

Nanzia alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. "Wapi?"

"Njia ya ndiva." Namkunda alikaa kizingitini, akangoja kwikwi ipite ndipo aendelee. "Nikianza kupanda pale kwenye migomba ya Baba Mbonea, inakatika. Nikiwa juu, imekatika kabisa. Nikishuka inanirudia."

Baba Mbonea ndiye Kajiru. Nanzia aliokota kijiwe, akakitupa. "Hewa ya juu ni nyepesi."

"Halafu nikifika kwenye lile jiwe bapa, navuta pumzi mbili ndefu, nashusha, haaa. Sijiagizi. Inakuja yenyewe. Baba alikuwa anafanya hivyo pale pale."

"Wewe ni mtoto wake. Ulitaka ufanane na nani?"

"Kuna watoto wanarithi pua, Mama."

Nanzia aliinua ungo akaupeta kwa nguvu kuliko maharage yalivyohitaji. Kabla hajapata la kusema, pembe ililia upande wa juu wa kijiji. Haikulia mlio wa kuita mikono. Ulikuwa ule mlio mrefu usiopanda.

Eliwaza alikuwa amefariki. Mchana kweupe, jua likiwaka, watu wakiwa wameshuka mabondeni kuwahi kupanda. Kajiru alikuwa peke yake kwenye mvukuto. Alikuwa hajalala vizuri tangu kiangazi, akashikwa na usingizi akiwa ameketi, mfuko ukiwa mikononi. Alipozinduka, mikono yake ilikuwa imelegea, na mke wake alikuwa anamtazama bila kumwona.

*

Msibani hapakosi mtu. Ungeweza kugombana na nyumba mwaka mzima, lakini ilipofiwa ulibeba kuni zako ukaenda. Nanzia alitamani kumwacha Namkunda nyumbani, lakini akajua mtu asiyeonekana msibani huonekana zaidi. Akamfunga kanga mbili kifuani ili bendeji isitokeze, wakaenda, binti akijibana kinywa kwa kiganja.

Kajiru alikuwa ameketi mkekani kati ya wanaume, mikono ameiweka mapajani, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyeambiwa aioneshe. Waliompa pole aliwaitikia kwa kichwa. Wengine walimwambia ni mapenzi ya Mungu. Aliwajibu jambo moja tu, wote: "Nililala."

Ukoo wa Kajiru ulitaniana na Wasambaa wa ng'ambo ya bonde la Mkomazi, na mtani wao mkuu, Shekighenda, alikuwa amefika tangu asubuhi. Msiba wa watu wale haukuwa msiba bila mtani. Wenyewe wanalia, mtani anacheza. Wenyewe wanaheshimu, mtani anatukana. Na neno lake, hata likichoma vipi, huchekwa au hulipwa kwa neno jingine. Shekighenda alikuwa amevaa gauni la marehemu juu ya suruali, ameiba sinia la nyama, na sasa alikuwa anatembea kama Eliwaza alivyotembea, mkono mmoja kiunoni, akikagua masufuria na kuguna. Wanawake walilia na kucheka kwa pamoja.

Akasimama mbele ya Kajiru. "Na wewe Mpare! Ubahili mmezaliwa nao, lakini ubahili wa pumzi? Umembania mwenzio hata hewa?"

Uwanja mzima ukamgeukia. Kajiru aliinua uso. Kitu kikamtetemeka mdomoni, kikawa tabasamu dogo lililopinda, la kwanza tangu juzi.

"Ningekuwa Msambaa," alisema kwa sauti kavu, "ningemuuzia."

Kicheko kikalipuka. Mzee mmoja alipangusa machozi. Ndiyo kazi ya mtani: kupachoma pale panapouma mpaka pafunguke.

Ndipo, katikati ya vicheko vikishuka, kwikwi ikamtoka Namkunda. Ikafuata nyingine.

Shekighenda aligeuka, masikio juu. "Nani huyo? Nani ana kwikwi msibani kwangu?" Akapita kati ya wanawake akiinua kanga, akichungulia. "Si mnajua kwikwi ni ya mwizi? Mwizi hujulikana kwa kwikwi! Toa ulichoiba!"

Hiyo ilikuwa dawa ya tangu enzi za mabibi. Mtoto akishikwa na kwikwi unamkaripia kwamba ameiba, anashtuka, anakana, kwikwi inakatika. Watu walikwishaanza kutabasamu.

"Ameiba andazi!" mwanamke mmoja alisaidia.

"Andazi?" Shekighenda alimsimamia Namkunda, akamtazama juu mpaka chini kwa dharau ya kuigiza. "Andazi lingekwisha kwa kwikwi mbili. Huyu kaiba kitu kikubwa. Watani wangu, marehemu wenu hakufa, kaibiwa! Huyu binti kaiba pumzi yake!"

Wakacheka. Hakuna aliyedhani lolote. Ilikuwa neno la mtani, lingepita na moshi wa kuni. Namkunda mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, na kwikwi, kwa mshtuko, ilikuwa imekatika.

Nanzia akasimama.

"Funga mdomo wako!" Sauti yake ilitoka kali, nyembamba, hakuitambua. "Mshenzi wewe! Mwanangu si mwizi! Nani kakwambia? Sema, nani kakwambia?"

Kicheko kilikufa kama moto uliomwagiwa maji.

Mrumbeni mtu aliweza kumkasirikia mkwe, mchungaji, hata mwenyekiti wa kijiji. Lakini hakuna aliyewahi kumkasirikia mtani. Watoto walilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Mtani akikuita mchawi unamwuliza kama anataka dawa. Akikuita mwizi unamwambia ahesabu kuku wake. Kumkasirikia ni kumwambia kwamba amegusa kweli.

Shekighenda alirudi nyuma hatua moja. Ghafla alionekana kama alivyokuwa, mzee aliyevaa gauni la mwanamke. "Mtani," alisema taratibu, "mimi nilikuwa nacheza."

Nanzia aliona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine, kutoka kwake kwenda kwa binti, kutoka kwa binti kwenda ubavuni pake. Sista Naetwe, muuguzi wa kituo, alikuwa ameacha kumenya ndizi. Na huko kwa wanaume, Kajiru alikuwa bado ameinua uso, ila lile tabasamu halikuwepo tena.

Kwikwi ikarudi. Safari hii ilisikika uwanja mzima.

*

Sista Naetwe aliwafuata nyumbani, akaingia bila kubisha na kurudishia mlango.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Kasema mtani, na maneno ya mtani hayapelekwi barazani. Lakini nioneshe."

Namkunda alifungua kanga. Muuguzi aliutazama mvuta kwa muda, ulivyofungwa nje ya ngozi kwa bendeji, waya zikiingia kwa plasta iliyochakaa. Aliugusa kwa kidole kama anayegusa kaburi.

"Huu haujafutwa."

"Kwikwi ndiyo hiyo?" Nanzia aliuliza.

"Ndiyo hiyo. Ubongo wa mtoto haujasahau kabisa. Mara moja moja unakumbuka, unaagiza pumzi, kwa kuchelewa. Na huu unaagiza pumzi ya mtu mwingine, mtu mzima, mrefu, anayepanda mlima. Amri mbili zikigongana, kiwambo kinaruka. Unaweza kumbandika nyuzi usoni mpaka kanga iishe."

"Basi ufute. Ufute umrudishie."

"Nikiuingiza kwenye mashine unajulikana ni wa nani. Utakwenda kwa anayefuata. Kuna mwalimu kule Vudee, mama wa watoto wachanga, yuko mvukutoni tangu masika."

"Na mwanangu?"

"Atarudi mvukutoni naye, angoje."

"Yaani mpaka mtu afe."

"Mpaka mtu afe," Sista alikubali. "Hivyo ndivyo tulivyo wote, Mama Namkunda. Hata mimi."

"Na akibaki nao hivi hivi?"

Sista alishika kifundo cha mkono cha Namkunda. Vidole vyake vilikizunguka na kupitana. "Wapo waliozoea. Wapo waliokauka. Mimi nitaondoka hapa na sitasema neno. Kuchagua si kwangu." Alipofika mlangoni aliongeza, bila kugeuka, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini nimewaona pia wanaofichua wakafa vile vile. Siwezi kukudanganya."

Alipokwenda, Nanzia alianza kukusanya vyombo vilivyokuwa vimekwisha kukusanywa. "Tutakwenda kwa mjomba wako Arusha. Huko hakuna anayetujua. Kuna vidonge, nimesikia..."

"Mama. Usiniongelee kama nimekufa. Nipo."

Nanzia aliacha.

"Baba Mbonea alikuwa anazamia," Namkunda alisema. Alilazimika kuyagawa maneno, akiyapitisha moja moja katikati ya kwikwi. "Nilisimuliwa. Mpaka akatolewa kwa kuvutwa mikono. Na wewe ulikuwa umesimama hapo."

"Nilikuwa nimekushikia uhai wako, hapa." Nanzia alikunja upindo wa kanga kwa ngumi. "Ungekuwa wewe ungefanya nini? Niambie. Ningempa nani? Nimekuzaa peke yako. Baba yako kalala pale kichwa wazi, kifua kinapumua, nami najua nyumbani kuna wewe, na kuna mikono ya watu waliochoka. Ungenyoosha mkono umpe jirani?"

"Sijui." Namkunda alikuwa analia, na kilio na kwikwi viligombania koo moja. "Sijui, Mama. Labda na mimi ningeiba. Lakini yule anasema nililala. Kwa kila mtu neno lake ni hilo hilo, nililala. Atalisema mpaka afe. Na mimi ninakula."

Namkunda alijipangusa uso.

"Nenda ukamwambie. Usipokwenda, nitakwenda mimi na kwikwi zangu, nimweleze neno moja moja."

*

Kajiru alikuwa nyuma ya nyumba, akimkatia ndama majani. Watu wa msiba walikuwa wametawanyika. Shekighenda alikuwa amelikunja gauni la marehemu na kuliacha juu ya kiti.

Nanzia alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini alipofika yakaisha. Akasema lililobaki.

"Shemeji, mvuta wa Sifueli haukuanguka majini."

Kajiru aliendelea kukata. Panga lilipanda na kushuka, mara mbili, mara tatu. Kisha likabaki chini.

"Ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao. Ulipokuwa unazamia nilikuwa nao."

Ndama alivuta jani kutoka mkononi mwake, naye akamwachia. Nanzia alingoja panga, tusi, ukelele wa kuita watu. Alikuwa tayari kwa yote hayo. Hakuwa tayari kwa swali lililokuja, na sauti lililokuja nayo, ya mtu anayeuliza njia.

"Kwa hiyo sikulala?"

Nanzia alitaka kumpa hilo. Lingemgharimu nini? Lakini alikuwa amechoka kusema visivyo.

"Ulilala, shemeji. Ila hukupaswa kuwa macho. Ulipaswa uwe umelala usingizi wako, na Mama Mbonea pembeni anapumua."

Kajiru alivitazama viganja vyake.

"Nenda," alisema hatimaye. "Nenda, Mama Namkunda. Toka kwangu."

*

Asubuhi, kabla Sista Naetwe hajaja na vyombo vyake kuuchukua mvuta kama walivyomwomba, Namkunda aliomba apande ndivani mara moja. Nanzia alimfuata nyuma kwa hatua chache. Walipofika kwenye migomba, kwikwi ikakatika, na mbele yake Nanzia akaanza kuisikia: pumzi ndefu, nzito, ya mwanaume asiye na haraka. Alitembea akiwa ameinamisha uso asione mgongo mwembamba wa binti yake, asikie tu. Kwenye jiwe bapa Namkunda alisimama. Pumzi mbili ndefu. Kisha, haaa.

"Umesikia?" Namkunda aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi."

Wakashuka.

Sista aliutoa mvuta mikono yake ikiwa imetulia, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, na ndege ndogo isiyo na rubani ya kituo ikaondoka nao kuelekea mashineni, kisha Vudee. Kwikwi ilikwisha hapo hapo. Nyumba ilinyamaza kama imeezuliwa bati. Namkunda alilala chali, barakoa usoni, macho yakipepesa, na Nanzia akaubana mvukuto, akauachia, akaubana.

Pembe ilikwisha kupigwa. Sista mwenyewe ndiye aliyeipiga, akangoja, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine, akaenda akigeuka nyuma.

Hakuna aliyekuja.

Nanzia alisikia watu wakipita barabarani. Alisikia majembe yakigongana, mtu akisalimia, hatua zikipunguza mwendo mbele ya nyumba yake kisha zikiongeza. Hakuwalaumu. Alibana, akaachia. Jua lilipita juu ya bati, likaanza kuingia kwa mlango. Vifundo vya mikono vilianza kuungua, kisha vikafa ganzi, na ganzi ndiyo iliyomwogopesha, kwa sababu hakuweza kujua tena kama alikuwa anabana kwa kutosha. Alikitazama kifua cha binti yake badala ya mikono yake. Namkunda alimtazama naye. Hawakuwa na namna nyingine ya kuongea.

Ndivyo Kajiru alivyokuwa, aliwaza. Peke yake, mchana kama huu.

Kope zilimshuka. Aliziinua. Zikashuka.

Kivuli kikaziba mlango.

Kajiru aliingia bila kusalimia. Alimimina maji kutoka kwenye jagi, akanawa mikono mpaka viwikoni kama walivyofundishwa na Sista, akaipangusa. Akaja akapiga magoti upande wa pili wa kitanda, akaweka mikono yake juu ya mikono ya Nanzia, juu ya mfuko.

"Achia," alisema.

Vidole vya Nanzia vilikataa. Alitazama uso wa yule mtu, ukiwa karibu kuliko ulivyowahi kuwa, ndevu za msiba zikianza kuota, macho mekundu yasiyosema kitu. Kajiru angeweza kubana. Angeweza kukaa tu, mikono mapajani, akasema nililala. Nani angemwuliza?

"Umekwisha, Mama Namkunda. Hubani tena, unashika tu. Achia."

Nanzia akaachia.

Mfuko ulikaa mkononi mwa Kajiru. Kifua cha Namkunda kilikuwa chini, na kilibaki chini. Kuku alipita mlangoni. Macho ya binti yalikuwa yamefunguka yote, hayakumtazama mama yake tena, yalimtazama Kajiru, na hayakuomba.

Mfuko ukabanwa. Kifua kikapanda.

Ukaachiwa. Ukabanwa tena, kwa mwendo wa mtu aliyeifanya kazi hiyo mpaka ikamwingia mifupani.

Nanzia aliketi chini sakafuni, mikono mapajani, viganja juu.

"Nisemeshe," Kajiru alisema.

"Nini?"

"Nisemeshe nisilale." Hakuondoa macho kifuani kwa Namkunda. "Siku ile hapakuwa na mtu wa kunisemesha."

"Nikusemeshe nini, shemeji?"

Akabana, akaachia. "Ile siku ya ndivani. Uianze asubuhi. Usiruke kitu."

Nanzia alilamba midomo iliyokauka. Nje pembe haikulia, wala hapakuja mtu mwingine.

"Asubuhi," alianza, "Sifueli aliamka akauliza kama Mama Mbonea amelala vizuri."